Zasavje baada ya makaa ya mawe: jedwali linasema nini, na linaficha nini

Kila mara Ofisi ya Takwimu ya Slovenia inapotoa hesabu za pato la mikoa, Zasavje huwa mkiani. Nchi yenyewe ni ndogo, watu wapatao milioni 2.1, na imegawanywa katika mikoa 12 ya kitakwimu. Mkoa wa kati, wenye mji mkuu Ljubljana, unaupita wastani wa taifa kwa mbali. Zasavje, ambako ukipanda treni Ljubljana unafika kabla saa moja haijaisha, una pato kwa kila mkazi linalokaribia nusu tu ya wastani huo.

Anayeishia hapo ataondoka na picha ya mkoa wa dhiki: majengo yaliyochakaa, vijana kijiweni, wazee wanaoishi kwa msaada. Lakini ukishuka Zagorje au Hrastnik huioni picha hiyo. Utaona magari ya kawaida ya Ulaya, shule zenye vifaa, hospitali ya Trbovlje inayofanya kazi, na maghorofa ya enzi za Yugoslavia yanayokaliwa mpaka juu. Shida ipo, tena kubwa, ila ina sura nyingine kabisa, na ili kuiona inabidi kwanza tujue mkoa huu uliishi kwa nini.

Mabonde, reli na moto wa chini ya ardhi

Zasavje ni nchi ya vilima iliyokatwa na mto Sava, mashariki ya Ljubljana. Miji yake mitatu ya makaa, Zagorje ob Savi, Trbovlje na Hrastnik, kila mmoja umejibana katika bonde lake jembamba linaloteremka hadi mtoni. Kwenda mji wa jirani ni kupanda kilima na kushuka upande wa pili, au kuzunguka kupitia korongo la Sava. Kusini umesimama mlima Kum, mita 1,220. Trbovlje umetandazwa kilomita kadhaa kufuata kijito, na kituo chake cha treni kiko huko chini mtoni, mbali na katikati ya mji. Jiografia hii iwekwe akilini, maana ndiyo inayoamua mengi yanayofuata: ardhi tambarare ni haba, hewa inakwama, na barabara kuu ya A1 kati ya Ljubljana na Maribor inapita kaskazini, upande wa Trojane, bila kuigusa miji hii.

Mwaka 2015 manispaa ya nne, Litija, ilitolewa katika mkoa wa kati ikatiwa Zasavje. Kabla ya hapo mkoa ulikuwa na kilomita za mraba 264 tu, mdogo kuliko yote nchini. Baada ya hapo ukawa na 485, na wakazi wapatao 57,000. Litija haukuwa mji wa makaa. Kiwanda kilichoujenga ni cha kusokota nyuzi, kilichoanzishwa 1886, na leo watu wake wengi wana kazi zao Ljubljana. Kwa hiyo anayelinganisha jedwali la zamani na la sasa aangalie mipaka kwanza. Mkoa mzima ulibadilika umbo kwa kalamu, na hakuna aliyehama nyumba.

Makaa yalikuwa yakichimbwa hapa kidogokidogo tangu karne ya 18. Kilichoyapa thamani ni Reli ya Kusini, iliyotoka Vienna, ikapita korongo la Sava na kufika Ljubljana mwaka 1849, kisha ikafika bandari ya Trieste mwaka 1857. Treni za mvuke zilitaka makaa, na makaa yalitaka treni ili yafike sokoni. Viwanda vilifuata haraka, kwa sababu moto ulikuwa rahisi: kiwanda cha vioo Hrastnik mwaka 1860, cha kemikali hapohapo mwaka huohuo, cha saruji Trbovlje mwaka 1876. Miaka ya 1870 ilianzishwa kampuni ya migodi ya Trbovlje, yenye mitaji kutoka nje, na kwa miongo mingi kampuni hiyo ndiyo iliyotawala mkoa huu.

Mgodi ulikuwa zaidi ya mwajiri. Kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi, safu kwa safu, chumba kidogo na jiko, familia nzima ndani. Baadhi zimehifadhiwa leo kama sehemu ya makumbusho ya Trbovlje. Bendi ya wafanyakazi ya mji huo ilianza 1903. Miaka ya 1930 kwaya ya watoto wa wachimbaji, Trboveljski slavček, ilijulikana nchi nzima. Wachimbaji walisalimiana kwa neno «Srečno», yaani heri, na salamu hiyo bado unaisikia kwa watu ambao hawajawahi kuingia shimoni. Chakula chao cha kubeba kilikuwa funšterc, chapati nene ya mayai na unga. Na chini huko, kwa mujibu wa masimulizi yao, aliishi perkmandeljc, kibwengo wa mgodini, ambaye akikupenda hukuonyesha makaa na akikuchukia hukupotezea njia.

Walikuwa pia watu wa kugoma. Tarehe 1 Juni 1924 wafanyakazi wa Trbovlje walipambana na Orjuna, kundi la wazalendo wenye silaha, na damu ikamwagika. Mwaka 1934 wachimbaji walijifungia chini ya ardhi wakakataa kula. Januari 1958, katika Yugoslavia ya kisoshalisti ambako mfanyakazi alihesabiwa kuwa ndiye mwenye dola, migodi ya Trbovlje, Zagorje na Hrastnik iligoma, na huo ndio mgomo mkubwa wa kwanza wa nchi ile. Chama cha kikomunisti kilichotawala kilibaki kimeduwaa: mfanyakazi anamgomea nani? Si ajabu kwamba mabonde haya yaliitwa mekundu, na kwamba bendi ya Laibach, iliyolichezea vikali jina na alama za utawala, ilizaliwa Trbovlje mwaka 1980.

Namna mnyororo ulivyokatika

Slovenia ilijitangazia uhuru Juni 1991, ikapoteza soko la Yugoslavia karibu mara moja. Mgodi wa Zagorje ulikuwa wa kwanza kufungwa, katika miaka ya 1990. Mwaka 2000 bunge lilipitisha sheria ya kuufunga kwa awamu mgodi wa Trbovlje na Hrastnik.

Kwa nini hapa, na si Velenje, bonde jingine la makaa upande wa kaskazini? Jibu liko ardhini. Velenje una tabaka moja kubwa la lignaiti, yaani makaa laini ya daraja la chini, mahali pengine nene kupita mita 160, miongoni mwa manene zaidi duniani. Tabaka la namna hiyo linachimbika kwa mashine kubwa na kwa wingi. Zasavje una makaa bora kidogo ila yamelala vibaya: yamekunjwa, yamekatika, mengine yamesimama karibu wima. Tani moja ilitoka kwa jasho zaidi na gharama zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo takwimu za ajira hazilionyeshi. Katika miaka ya mwisho mgodi ulikuwa na mteja mmoja wa maana, mtambo wa umeme wa Trbovlje wa megawati 125 uliowashwa 1968, na mtambo ulikuwa na muuzaji mmoja. Kila upande ulimshikilia mwenzake asianguke. Bei ya umeme iliposhuka baada ya msukosuko wa 2008 na gharama za kuchafua hewa zikaongezeka, mtambo haukuweza tena kulipia makaa ghali, na mgodi haukuwa na pa kuyapeleka. Uchimbaji ulikoma, na Novemba 2014 kampuni ya mtambo iliingizwa katika ufilisi. Mwaka 2015 kiwanda cha saruji nacho kikafungwa. Katika muda mfupi hivyo, moshi wa miaka mia na hamsini ulitoweka, na Zasavje ukaipokonya nafasi ya mwisho Pomurska, mkoa wa mashamba uliopakana na Hungaria, ambao ndio watu walikuwa wamezoea kuuona pale.

Moshi huo usipite bila kusemwa. Katika mabonde haya hewa baridi hutuama chini wakati wa majira ya baridi, na hewa yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko. Kilichotoka viwandani kilibaki mapafuni mwa watu. Ndiyo maana mwaka 1976 Trbovlje ulijenga dohani ya mita 360, ndefu kuliko zote za Ulaya: lengo lilikuwa kuutoa moshi juu ya vilima ili upepo uuchukue. Wa Trbovlje walipata nafuu, na salfa ikaenda kuanguka mbali zaidi, kwa watu ambao hawakuwahi kuona senti ya mtambo ule.

Kiwanda cha saruji ndicho kilichogawa watu. Kilikuwa kimeshikwa na kampuni ya Kifaransa Lafarge, na kilipoanza kuchoma mabaki ya mafuta ya petroli na taka za viwandani kama nishati, mkulima wa bonde hilo, Uroš Macerl, wa shirika la Eko krog, alikwenda mahakamani. Shamba lake lilikuwa ndani ya eneo lililoathirika, hivyo alikuwa na haki ya kisheria ya kuwa upande katika shauri la kibali. Alishinda, na mwaka 2017 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Nje ya nchi kisa hiki husimuliwa kama ushindi mtupu. Ndani ya bonde kulikuwa na familia zilizopumua na familia zilizopoteza mshahara, na pengine ilikuwa familia hiyohiyo. Mimi naona alikuwa na haki. Lakini simshangai jirani yake aliyenuna.

Hesabu inayodanganya bila kusema uongo

Sasa turudi kwenye jedwali. Pato la mkoa huhesabiwa pale kazi inapofanyika, kisha hugawanywa kwa idadi ya watu wanaolala pale. Mfikirie mhasibu anayeishi Trbovlje na kufanya kazi Ljubljana. Thamani yote anayoizalisha inaandikwa kwa Ljubljana. Mwenyewe, mkewe na watoto wawili wanahesabiwa Zasavje. Mhasibu huyo mmoja ameupandisha mji mkuu na kuushusha mkoa wake kwa wakati mmoja, ingawa mshahara wake anautumia kulipia nyumba ya Trbovlje.

Wahasibu wa namna hiyo, pamoja na mafundi, wauguzi na wauzaji, ni wengi. Hakuna mkoa wa Slovenia wenye sehemu kubwa zaidi ya wafanyakazi wanaotoka nje ya mkoa kila siku. Zasavje ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo ukiacha pato la mkoa na kuangalia kipato ambacho kaya inabaki nacho mkononi baada ya kodi na pamoja na pensheni na posho, pengo kati ya Zasavje na wengine hupungua sana. Isitoshe, Slovenia ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye tofauti ndogo kabisa ya vipato, na sehemu kubwa ya wakazi wa Zasavje ni wastaafu ambao pensheni yao haijui kama mgodi umefungwa.

Wala manispaa haifilisiki kwa sababu watu wake wanafanya kazi kwingine. Fedha za manispaa za Slovenia hutegemea zaidi kiwango kwa kila mkazi kinachowekwa kitaifa, kinachotokana na kodi ya mapato. Mkazi ni mkazi, awe anafanya kazi jirani au mbali.

Basi mkoa umepoteza nini? Nadhani umepoteza mchana wake. Asubuhi treni zinawabeba watu, jioni zinawarudisha, na katikati ya siku mji unabaki na watoto wa shule, wagonjwa na wazee. Chakula cha mchana kinaliwa Ljubljana, kwa hiyo mgahawa unafungwa Trbovlje. Kijana anayetaka kujifunza ufundi hamwoni fundi akifanya kazi, maana fundi yuko safarini. Anayesoma chuo kikuu anapanga chumba Ljubljana, anazoea, anapata kazi, na kurudi kunakuwa jambo la sikukuu. Trbovlje, ambao wakati fulani ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya nchi, una wakazi wapatao 16,000, na wanazeeka. Wanaohamia sasa ni familia changa zilizoshindwa na bei za nyumba za mji mkuu, na hao huishia zaidi Litija, ulio karibu zaidi.

Kuna pia upungufu ambao mgeni hauoni kabisa. Nimeandika «mkoa» mara nyingi, lakini Zasavje hauna mkuu wa mkoa, baraza wala bajeti. Katiba ya Slovenia inaruhusu majimbo, hayajawahi kuundwa. Kati ya serikali kuu na manispaa 212 hakuna ngazi ya utawala iliyochaguliwa. Mkoa wa kitakwimu ni mstari kwenye ramani ya wataalamu, ukiwa na wakala wa maendeleo wa kuratibu na kuandika miradi. Enzi za mgodi pengo hili halikuonekana, kwa kuwa kampuni ndiyo ilikuwa serikali ya bonde: ilijenga nyumba, ilifadhili bendi, iliamua. Kampuni ilipoondoka, maamuzi hayakuhamia kwa meya yeyote wa Zasavje. Yalipanda treni ileile.

Kinachoota

Si kweli kwamba hakuna kilichobaki. Kiwanda cha vioo cha Hrastnik bado kinayeyusha mchanga, na chupa zake za vinywaji vikali vya bei ghali zinauzwa nje. Kiwanda cha kemikali kipo. Izlake, katika manispaa ya Zagorje, kampuni ya ETI inatengeneza fyuzi na vifaa vingine vya kulinda umeme tangu 1950.

La kusisimua zaidi liko Trbovlje. Dewesoft, kampuni ya vifaa na programu za kupimia, za kupima mtikisiko wa daraja, injini au chombo cha anga, ina makao makuu yake katika mji huo wa makaa, na NASA imo katika orodha ya wateja wake. Haikutoka hewani tu. Katika miaka ya 1980 Trbovlje ulikuwa na kiwanda cha vipande vya kielektroniki cha kampuni ya Iskra, na ujuzi wa namna hiyo haufi siku lango linapofungwa. Waanzilishi wa Dewesoft wameanzisha pia Katapult, mahali pa kulelea kampuni changa, ili kijana mwenye wazo asikimbilie Ljubljana kutafuta karakana. Mji nao umejipa jina la mji wa sanaa ya kidijitali, na tamasha la Speculum Artium hufanyika humo.

Upande wa nishati kuna mfano mdogo ninaoupenda. Prapretno, karibu na Hrastnik, palikuwa pakitupwa majivu ya mtambo wa Trbovlje. Mwaka 2022 paliwekwa paneli za jua za megawati 3, na kwa wakati huo ndio mtambo mkubwa wa jua nchini. Tuwe wakweli kuhusu ukubwa: megawati 3 mahali pa 125, na paneli zikishawekwa hazihitaji wafanyakazi mia kadhaa. Umeme wa jua unaweza kuchukua nafasi ya umeme wa makaa. Nafasi za kazi za makaa hauzichukui.

Na dohani ya mita 360? Imesimama palepale. Mwaka 2020 Janja Garnbret, ambaye mwaka uliofuata alishinda dhahabu ya Olimpiki Tokyo, na Domen Škofic waliipanda kwa mikono hadi juu kwa njia iliyofungiwa vishikio maalumu. Picha zilizunguka dunia. Kazi za kudumu hazikuja nazo.

Fedha zimefika baada ya matanga

Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulianzisha Mfuko wa Mpito wa Haki kwa maeneo yanayoachana na makaa. Slovenia ilitengewa takriban euro milioni 250 kwa mabonde mawili: Zasavje, na bonde la Velenje na jirani zake. Tatizo la Zasavje ni tarehe. Kufungwa kwenyewe kulitokea kati ya miaka ya 1990 na 2015. Wachimbaji wamestaafu, wamepewa mafunzo mapya au wamezoea treni ya alfajiri. Mfuko uliobuniwa kumvusha mfanyakazi kutoka kazi moja hadi nyingine umekuta mfanyakazi ameshavuka peke yake, kwa gharama zake.

Kwa hiyo hapa fedha zinafanya kazi tofauti: kutengeneza mahali ambapo kazi mpya inaweza kukaa. Ndipo jiografia inapodai chake. Mwekezaji anataka uwanja tambarare wenye barabara ya malori. Ardhi tambarare ya Zasavje ilikuwa ya mgodi, mtambo na viwanda. Sehemu yake iko juu ya mashimo yanayotitia, sehemu imechafuka, na umiliki wake umebaki kwa makampuni ya serikali ambayo ofisi zao za uamuzi haziko bondeni. Kabla ya kujenga chochote inabidi kusafisha, kuimarisha na kubishana hati. Hilo linakula miaka, na fedha za Ulaya zina tarehe ya mwisho. Kampuni ndogo nazo zinatakiwa kuchangia sehemu yao ya gharama na kujaza makaratasi ambayo kampuni kubwa ina idara nzima ya kuyajaza.

Velenje wanayatazama haya kwa makini. Januari 2022 serikali iliamua kuwa Slovenia itaachana na makaa ifikapo 2033, na hiyo maana yake ni mgodi wa Velenje pamoja na mtambo wa umeme wa Šoštanj, ambao kitengo chake cha sita, megawati 600, kiligharimu zaidi ya euro bilioni moja na kuanza kazi katikati ya miaka ya 2010. Joto la nyumba za Velenje na Šoštanj hutoka kwenye mtambo huohuo, hivyo huwezi kuuzima kabla hujapata njia nyingine ya kuwapasha watu joto Januari. Velenje una faida ambayo Trbovlje haukuwa nayo: Gorenje, kiwanda kikubwa cha mashine za kufulia na vifaa vingine vya nyumbani, kilichonunuliwa na Hisense ya China mwaka 2018. Una pia upungufu ambao Trbovlje haukuwa nao. Watu wa Zasavje walipokosa kazi nyumbani walikuwa na reli ya 1849 mlangoni na mji mkuu mwisho wa safari fupi. Velenje uko mbali zaidi na Ljubljana, treni yake inazunguka kwanza Celje, na barabara mpya ya kasi ya kuuunganisha na A1 bado ni kazi inayoendelea.